Leseni aliikatalia, mzigo akauacha: kisa cha ukaguzi wa kushtukiza Jengo la Kwanza

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, upande wa ndege ndogo wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, jirani na Jengo la Kwanza la abiria. Majina, tarehe, namba ya usajili ya ndege, kiwanja ilikotoka na chombo cha dola kilichohusika nimeviondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa kiini nimeyageuza ili watu wasitambulike. Nilizungumza na rubani mara tatu, nikazungumza na abiria wake wawili, na mjaza mafuta aliyekuwa karibu, na askari mmoja aliyekubali kuongea kwa sharti kwamba nisiandike cheo chake. Mimi ni mwalimu wa urubani, si wakili. Nikigusa sheria humu, nagusa yale ambayo rubani anapaswa kuwa nayo kichwani kabla hajawasha injini.

Usuli

Rubani, nitamwita hivyohivyo, ni mfanyabiashara wa miaka hamsini na ushei. Alijifunza kurusha ndege Florida mwanzoni mwa miaka ya 2000, akarudi nyumbani na baadaye akapata leseni ya Tanzania. Yeye na wenzake wawili wanamiliki Cessna 182, ndege ya viti vinne na injini moja. Inalala Dar. Kusini ana kambi ya kununua samaki yenye majokofu mawili na jenereta moja. Kiwanja cha huko ni cha changarawe, hakina taa wala uzio; ndege ikionekana inazunguka, kuna kijana mwenye fimbo ambaye kazi yake ni kuondoa mbuzi.

Leseni yake ni ya urubani binafsi. Maana yake anaweza kubeba ndugu, marafiki na wafanyakazi wake, lakini hawezi kulipwa kwa kuwarusha. Siku ukitoza nauli, umeshaingia kwenye biashara ya usafirishaji wa anga, nayo ina leseni zake, bima zake na ukaguzi wake. Naomba msomaji aliweke hili pembeni, litarudi kwa namna ya kuchekesha.

Wiki hiyo, katikati ya msimu wa kaskazi, jenereta iligoma. Ijumaa Rubani alimpeleka fundi kutoka Dar. Fundi akafungua, akanusa, akasema AVR imeungua, yaani kile kibao kinachosawazisha umeme. Jumamosi wakaruka kurudi Dar: Rubani, fundi, na shemeji yake Rubani ambaye ndiye msimamizi wa kambi. Mpango ulikuwa watue saa nane, fundi akimbie mtaa wa Gerezani kununua kibao, na saa kumi wawe hewani tena. Samaki kwenye majokofu walikuwa na barafu ya kuwafikisha jioni, haikuwa inatosha kwa zaidi ya hapo.

Kabla hawajaruka, mchuuzi mmoja wa kijijini alikuja mbio na katoni iliyofungwa kwa utepe wa kahawia. "Kaka, naomba unisaidie, kuna kijana wangu atakuja kuipokea getini." Rubani akauliza ndani kuna nini. "Ng'onda." Harufu ilithibitisha. Katoni ikaenda nyuma ya viti vya nyuma, bila jina juu yake, bila namba ya simu, na bila mtu kuifungua.

Kilichotokea

Walitua saa 8:20 mchana. Rubani alizima injini, akafungua milango, na fundi akaanza kuvaa viatu, kwa sababu alikuwa amekaa peku njia nzima. Funguo ilibaki kwenye swichi ya magneto, yaani vifaa vinavyozalisha cheche za kuwasha injini.

Saa 8:35 gari aina ya pikapu lilisimama mbele ya ndege. Walishuka watu wanne, wawili wakiwa na sare na wawili wakiwa na nguo za kiraia. Mjaza mafuta anakumbuka kwamba mmoja tu kati yao alikuwa na kitambulisho cha uwanja kinaning'inia shingoni. Aliyeonekana kuwa mkubwa wao alisalimia vizuri, kisha akasema maneno ambayo wote watatu wanayakumbuka kwa namna moja: "Mzee, ukaguzi wa kawaida. Leseni, hati za chombo, halafu tufungulie mizigo tujiridhishe."

Rubani alijibu: "Wewe si mtu wa usafiri wa anga. Leseni yangu haikuhusu."

Ndani ya robo saa iliyofuata hakuna kilichosonga isipokuwa sauti. Askari mmoja kijana aliegemea propela, mkono mmoja juu ya jani lake, kama mtu anayepumzika kwenye uzio. Hakuna aliyemwondoa. Mkubwa aliuliza mara ya pili, Rubani akarudia jibu. Wakati huo huo yule mwingine wa kiraia alimvuta fundi pembeni na kumuuliza, "Safari hii ni shilingi ngapi?" Fundi akajibu bila kusita: "Laki tatu."

Laki tatu ilikuwa ni malipo ya fundi. Ndiyo aliyoahidiwa na Rubani kwa safari ile, ufundi na usumbufu vikiwa pamoja. Lakini aliyeuliza alielewa nauli, akaandika nauli, na akarudi kwa mkubwa wake na sura ya mtu aliyeokota kitu. Sasa hawakuwa na mzee mkaidi tu. Walikuwa na ndege binafsi inayobeba abiria kwa hela.

Saa 9:10 Rubani alichoka. Akasema, "Haya, ndege hiyo hapo, pekueni mnavyotaka, mimi nampigia mtu simu," akaondoka kwenda kwenye kivuli cha hanga, yaani banda la ndege, mita sitini hivi. Aliyempigia ni mimi. Nilikuwa Kipawa, nikamwambia arudi kwenye ndege. Hakurudi mara moja; alibaki akinieleza jinsi alivyodharauliwa.

Alikuwa mbali kwa dakika kama ishirini. Ndani ya muda huo viti viwili vya mbele vilisogezwa, mifuniko ya sakafuni ikaguswa, begi la shemeji likamwagwa juu ya bawa la mkia, na katoni ya ng'onda ikafunguliwa. Fundi alikuwa amekalishwa ndani ya pikapu. Shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa ndege, akiulizwa maswali, kwa hiyo hakuiona katoni ikifunguliwa. Mjaza mafuta aliona watu wawili wameinama mlangoni, basi. Shemeji alifanya jambo moja la maana: aliandika namba ya gari na saa nyuma ya risiti ya saruji aliyokuwa nayo mfukoni.

Saa 9:40 simu ya hanga iliita. Waongoza ndege mnarani walikuwa wanatafuta ndege inayopiga mlio wa dharura kwenye masafa ya redio ya 121.5 MHz. Rubani wa ndege kubwa iliyokuwa inakaribia ndiye aliyeusikia na kuwaambia. Ilikuwa ni Cessna yetu. Katika kupapasa dashibodi, mkono wa mtu ulisukuma swichi ya redio ya dharura, ile inayojiwasha yenyewe ndege ikianguka.

Nilifika saa 10 kasoro. Mkaguzi wa usafiri wa anga, aliyekuwa ameitwa na watu wa uwanja baada ya ule mlio, alifika saa 10:15. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kufurahiwa namna ile na pande zote mbili. Alizima mlio, akawapigia mnarani, akawaomba askari wasogee hatua tano, akamgeukia Rubani: "Mzee wangu, tuanze na karatasi." Rubani akatoa leseni. Akatoa cheti cha usajili, cheti cha ubora wa ndege kuruka, leseni ya redio, bima, vyote safi na ndani ya muda. Kisha akatoa cheti cha afya, na cheti kilikuwa kimekwisha muda.

Kipya kilikuwepo. Kilikuwa nyumbani Mbezi Beach, kwenye faili, kwa sababu alipotoka kwa daktari alikiweka mahali salama ili kisipotee. Mkewe alituma picha kwa simu. Mkaguzi aliitazama, akasema anamwamini, lakini anataka kuona chenyewe. Bodaboda ikatoka Mbezi Beach kupitia Mwenge, Ubungo, barabara ya Mandela hadi Tazara, ikaingia barabara ya Nyerere, na ikafika Jengo la Kwanza saa 11:40. Dereva alikataa kuchukua zaidi ya alichokubaliana. Ndiye mtu pekee siku ile ambaye kazi yake haikuwa na utata.

Suala la laki tatu lilimalizika kwa fundi kutolewa kwenye gari na kuulizwa upya, mara hii mbele ya kila mtu: nani alimlipa nani? Fundi alikasirika. "Mimi ndiye ninayedai! Sijalipwa hata senti!" Hata yule mkubwa alicheka.

Waliachiwa saa 12:05 jioni. Jua la kaskazi linazama Dar karibu saa 12:45, na kiwanja cha kusini hakina taa. Hakuna aliyeruka.

Maamuzi na sababu zake

Nilimuuliza Rubani kwa nini alikataa kutoa leseni. Alinipa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Florida walimfundisha kuwa leseni ya rubani anaonyeshwa mtu wa mamlaka ya anga peke yake. Ya pili aliitoa siku ya tatu, baada ya chai: miaka mingi ya kuendesha gari imemfundisha kwamba mtu anayekuomba leseni huwa anataka kitu kingine. Nadhani ya pili ndiyo iliyoongea siku ile na ya kwanza ilitafutwa baadaye, lakini zote mbili tutazitazama.

Kwa nini aliondoka na kuiacha ndege? "Nilitaka waone kwamba sina cha kuficha." Hili nimelisikia kwa marubani wengi, na kwa watu wasio marubani pia. Ndani ya kichwa chake kuondoka kulikuwa ni ushahidi wa usafi. Kwa askari, kuliwafungulia mlango.

Kwa nini aliipokea katoni? Swali hili lilimshangaza. Kijijini ndege ni kama basi la Mungu. Mtu akikuomba umpelekee kifurushi mjini na nafasi ipo, ukikataa utaonekana umebadilika. Sina jibu la haraka kwa hilo na sitajifanya ninalo.

Kwa upande wa askari, yule niliyezungumza naye alisema walikuwa na taarifa ya "ndege ndogo nyeupe kutoka kusini". Ndege ndogo nyeupe! Mtu anionyeshe uwanja ambao ndege zake ndogo si nyeupe. Lakini nilipomwambia hivyo, alinijibu kwa utulivu kwamba taarifa huja jinsi zilivyo, na kwamba asingekwenda na mzigo ukapita, asubuhi yake ingekuwa mbaya kuliko ya Rubani. Akaongeza: "Sisi ndege hatuijui. Tunajua mzigo. Mtu akikataa hata karatasi, unafikiri mzigo una nini?"

Matokeo

Hakuna aliyeshtakiwa. Hakuna kilichokamatwa. Mkaguzi alimpa Rubani onyo la maneno tu kuhusu cheti cha afya na kumkumbusha kwamba nyaraka za rubani huenda na rubani, haziachwi kwenye faili.

Majokofu yalizidiwa usiku ule. Samaki wa siku tatu walitupwa.

Jumapili asubuhi nilikwenda naye kukagua ndege kabla ya kuruka, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku iliyotangulia. Kiti cha rubani kilikuwa kimerudishwa mahali pake kwa macho tu. Pini yake haikuwa imeingia kwenye tundu la reli. Wenye kurusha Cessna wanajua maana yake: unafungua gesi, pua inanyanyuka, kiti kinateleza hadi nyuma, na wewe, ukiwa umeshika usukani, unauvuta pamoja nawe. Ndege inasimama wima, inakosa mwendo, inaanguka. Ajali za namna hii ndizo zilizosababisha mamlaka ya anga ya Marekani, mwaka 1987, kutoa agizo la lazima la kukagua reli za viti katika aina nyingi za Cessna. Hapa reli zilikuwa nzima. Mkono wa mpekuzi, usiojua kwamba kiti cha ndege si kiti cha daladala, ndio ulioacha pini nje.

Halafu kuna katoni. Kijana wa getini aliichukua saa moja usiku. Saa mbili simu ikaja kutoka kusini: chini ya ng'onda kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye shilingi 850,000, na mfuko haupo. Askari walisema hawakuona hela yoyote. Rubani hakujua kama kulikuwa na hela. Shemeji hakuona, fundi alikuwa kwenye gari, mjaza mafuta aliona migongo. Mchuuzi anaapa. Nimeyapima maneno ya wote na sina namna ya kusema nani anasema kweli, na hakuna atakayekuwa nayo.

Uchambuzi

Ukaguzi wa namna hii huja na sura moja lakini ni vitu viwili. Kimoja ni ukaguzi wa nyaraka: wewe ni nani, ndege ni ya nani, mnaruhusiwa kuruka au la. Kingine ni upekuzi, yaani mtu anatafuta kosa ndani ya mali yako. Vinaombwa kwa pumzi moja, kama yule mkubwa alivyoviomba, lakini kila kimoja kina desturi yake. Rubani alivichanganya kinyumenyume. Pale palipotakiwa ukarimu alikuwa mgumu. Pale palipotakiwa umakini akagawa bure.

Tuanze na nyaraka, na ile imani ya Florida. Kanuni ya Marekani yenyewe, kifungu cha 61.3, inamtaka rubani aonyeshe leseni na kitambulisho chenye picha kwa mamlaka ya anga, kwa wachunguzi wa ajali, kwa watu wa usalama wa usafiri, na kwa askari yeyote wa serikali kuu, wa jimbo au wa mtaa anayeiomba. Kwa maneno mengine, huko alikojifunza angetakiwa kuitoa mara ya kwanza. Ugomvi uliokuwepo Marekani ulikuwa mwingine. Mwaka 2013 chama cha wamiliki wa ndege na marubani cha huko, AOPA, kilianza kudai maelezo kwa sababu maofisa wa forodha na mipaka walikuwa wakizisimamisha ndege binafsi zilizosafiri ndani ya nchi tu, ambazo hazijagusa mpaka wowote, na kuzipekua. Kilichobishaniwa ni upekuzi, na sababu ya kumshuku mtu. Kuonyesha leseni hakukuwa na mjadala. Rubani alirudi nyumbani na nusu ya somo.

Kwetu, orodha ya karatasi si siri. Mzizi wake ni Mkataba wa Chicago wa 1944. Ibara ya 29 inataja vitu ambavyo ndege inayovuka nchi inapaswa kubeba: cheti cha usajili, cheti cha ubora wa kuruka, leseni za wanaoirusha, kitabu cha safari, leseni ya redio, na kama kuna abiria au mizigo, orodha ya abiria na tamko la mizigo. Ibara ya 16 inazipa mamlaka za nchi haki ya kuipekua ndege ya nchi nyingine inapotua au kuondoka, na kukagua nyaraka hizo, bila kuichelewesha isivyostahili. Ndege yetu ilikuwa ya ndani na ibara hizo hazikuandikwa kwa ajili yake, lakini zinasaidia kuona jinsi ukaguzi wa nyaraka ulivyo jambo la kila siku katika kazi hii. Mwenye ndege safi humaliza kwa dakika kumi. Ningekuwa mimi, ningesema: "Karibu afande. Naomba na mimi nione kitambulisho chako, niandike jina, halafu karatasi hizi hapa." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima, na yanaacha kumbukumbu. Rubani hadi leo hajui jina la hata mmoja wa wale wanne.

Angeitoa leseni mapema, cheti cha afya kilichokwisha muda kingejulikana saa 8:40, na bodaboda ingefika kabla ya saa kumi. Saa nzima na nusu ya siku ile ilipotea kwa jambo lililokuwa na dawa ya shilingi elfu kadhaa za bodaboda.

Upekuzi ni habari nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kupekua, au kumpa askari wake idhini ya maandishi apekue, pale anapokuwa na sababu ya msingi ya kushuku. Na kitu kikichukuliwa, inataka itolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye mali na za mashahidi. Upo pia upekuzi wa dharura bila hati, na ndege iliyo tayari kuondoka ni mfano mwepesi wa dharura. Kwa hiyo sishauri mtu kusimama mlangoni amenyoosha mikono. Kuuliza "hati ipo, au ni dharura?" inatosha, na jibu linaandikwa. Mahakama ya Rufani imeshatengua hukumu kwa sababu mnyororo wa kielelezo ulikatika: nani alikishika, akampa nani, nani aliona. Utaratibu ule ule unaomlinda mshtakiwa unamlinda pia askari mwadilifu dhidi ya simu ya saa mbili usiku inayosema kulikuwa na laki nane na nusu.

Hapa Rubani alikosa jambo dogo kuliko yote: kuwepo. Alihitaji kusimama mita moja kutoka mlangoni, kimya, na kumwita mjaza mafuta aje asimame naye kama shahidi asiye na upande. Kila mzigo ukitoka, mmoja anautaja na mwingine anaandika. Katoni isiyo na jina ingefunguliwa mbele ya macho sita. Kama hela ilikuwemo ingeonekana, na kama haikuwemo, mchuuzi angejibiwa. Kwa kuwa hakuna kilichokamatwa, hakuna stakabadhi ambayo askari walilazimika kuandika. Orodha ingekuwa ni ya Rubani mwenyewe, kwa manufaa yake mwenyewe.

Kuna watakaosema nawasafisha askari. Siwasafishi. Mtu asiye na kitambulisho cha uwanja hakupaswa kuwa pale bila maelezo. Kumhoji fundi peke yake na kuandika jibu la maneno mawili bila kuuliza "laki tatu ya nini" ni uvivu. Na kuegemea propela huku funguo iko kwenye swichi ni kucheza na mauti: magneto ikiwa haijazimwa sawasawa, au waya wake wa kuizima umekatika, jani likisukumwa kidogo injini inaweza kuruka na kuzunguka. Hata hivyo, hilo la mwisho ni la Rubani pia, pengine ni lake zaidi. Askari hajui, rubani anajua. Sentensi yake ya kwanza ilipaswa kuwa, "Afande, tafadhali asiisogelee propela," na funguo iwe juu ya dashibodi mahali kila mtu anapoiona.

Vivyo hivyo na ile swichi ya redio ya dharura. Redio yao ni ya masafa ya 406 MHz, ile inayosikika na setilaiti. Tangu Februari 2009 setilaiti hazisikilizi tena 121.5, na mlio wa 121.5 umebaki wa kumwongoza mtafutaji aliye karibu na wa kusikika na ndege zinazopita. Kwa hiyo siku ile kulikuwa na uwezekano wa watu wa uokoaji kuamshwa kwa ndege iliyoegeshwa. Rubani akiwepo anasema "hapo usiguse, nitakufungulia mimi," na mambo yanaishia hapo. Anayeijua ndege akiondoka, ndege inabaki na wasioijua.

Yaliyofanyika vizuri si mengi, lakini yapo. Risiti ya saruji ya shemeji ndiyo kumbukumbu pekee ya maandishi kutoka upande wetu, na saa zote za mwanzo wa kisa hiki nimezipata humo. Mkaguzi alitenganisha kazi mbili ambazo wengine walikuwa wamezikoroga, akaanza na nyepesi. Na Rubani mwenyewe, saa kumi na nusu, alimwendea yule mkubwa na kusema, "Afande, nilikuongelesha vibaya." Hakuna aliyemlazimisha. Baada ya hapo sauti zilishuka, na hata kiti kikaletwa.

Kuhusu abiria, tangu siku ile nawaambia wanafunzi wangu wawaeleze watu wao kabla ya kuruka: mkiulizwa kuhusu hela, jibuni sentensi nzima. Nani, amempa nani, kwa kazi gani. Fundi alisema kweli tupu na kweli yake karibu imgharimu Rubani leseni.

Ndege sasa ina mkoba wa zipu nyuma ya kiti cha rubani, wenye nakala za kila kitu, daftari dogo na kalamu mbili. Nyaraka halisi zinakaa kwenye mfuko wa shati, pamoja na cheti cha afya kipya. Mizigo ya watu bado inapokelewa kusini, kwa sababu hilo halikuwezekana kukatazwa, ila inafunguliwa palepale kiwanjani, inaandikwa, na mwenyewe anaweka jina na namba ya simu. Wachache wamekasirika. Wengi wamezoea.

Mwenye katoni alilipwa laki nne na Rubani, kwa hiari yake, bila kukiri lolote. Ile laki nne na nusu iliyobaki haijazungumzwa. Kila ndege ikitua anakuja kusalimia, anauliza habari za mjini, anauliza jenereta inaendeleaje, kisha anabaki amesimama chini ya bawa kama mtu aliyesahau alichofuata.